Milango Minne ya Orazbek

Orazbek alipoegesha gari lake jipya mbele ya tanuri la sambusa pale Shelek, wanaume waliokuwa wakinywa chai nje walinyamaza kwa pamoja. Na kumnyamazisha Muhit si mchezo. Mtu huyo aliwahi kwenda kung'olewa jino, akasimulia tangu mlangoni hadi kitini, mpaka daktari akachanganyikiwa akang'oa la kwake mwenyewe. Lakini Jumamosi hiyo hata Muhit aliduwaa, kikombe kikiwa kimekwama nusu ya njia kuelekea mdomoni.

Kisha akakiweka chini, akainuka, akaanza kulizunguka gari huku amenyoosha kidole.

"Mlango mmoja. Wa pili." Akapita nyuma. "Wa tatu! Jamani, nishikeni." Akatokea upande mwingine. "Wa nne. Orazbek, kaka yangu, umeibiwa. Wamekuuzia magari mawili yaliyogandana."

"Labda miwili ni ya akiba," akasema Yerken bila kuinua macho kutoka kwenye sambusa yake.

Wakacheka. Orazbek naye akacheka, maana pale asiyecheka hutafunwa pamoja na mifupa yake.

Hawakuwa na chama wala mwenyekiti. Walikuwa wanaume wa Almati wenye magari ya chini chini, milango miwili, viti viwili, ambao kila Jumamosi huja kutimua mbio kwenye barabara kuu iendayo Korgas, kisha hukaa kwenye chai kubishana. Kanuni ilikuwa moja tu na haikuandikwa popote: gari la kweli ni lako na la mtu mmoja mwingine, na huyo mwingine heri asije. Kwa miaka mingi Orazbek alikuja na gari dogo la rangi ya machungwa, wakaliita Chungwa. Mngurumo wake uliwahi kumponya mwanamke mmoja wa Talgar kwikwi iliyomshinda shehe na daktari. Wanaolikumbuka hawabishi.

Leo amekuja na kitu kingine. Gari la Kijerumani, rangi ya majivu, refu kama hotuba, vioo vyeusi, viti vya ngozi vinavyonukia kama duka la viatu vya harusi, na chini ya boneti nguvu za farasi mia tano.

"Chungwa liko wapi?" akauliza Yerken.

"Nimeuza."

"Umeuza." Yerken akafuta mikono yake polepole. "Hukutuambia hata tukaliage."

Mzee Toktar ndiye aliyekuwa wa mwisho kuinuka. Alikuwa amepita miaka sabini, na enzi za Kisovieti aliwahi kushindana mbio mpaka Tashkenti. Neno lake pale lilikuwa kama msumari: likishapigwa, limepigwa. Alilikaribia gari, akainama, akaufinya ubavu wake wa nyuma kama mtu anayepima mafuta ya mkia wa kondoo sokoni.

"Mafuta anayo," akasema. "Mbio sijui."

"Aga Toktar, linafika mia kabla hujamaliza kusema bismillahi," akasema Orazbek.

"Kwa hiyo abiria anakufa bila bismillahi," Muhit akadakia. Akafungua mlango wa nyuma, akaingiza kichwa. "Loo! Hapa pana nafasi ya kuchinja. Mheshimiwa naibu waziri umemshusha wapi? Na hiki kitufe ni cha nini?"

"Kinapasha kiti joto."

"Na hiki?"

"Kinakanda mgongo."

"Jamani, ametununulia hospitali."

Yerken hakucheka. Aliketi kwenye usukani, akawasha injini, akainamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Siisikii," akasema.

"Ndiyo raha yake hiyo."

"Nimesema siisikii, Orazbek. Ni kama kuna mtu amefia chumba cha pili na hakuna anayetaka kwenda kutazama."

Hapo maoni yakamwagika. Mmoja akasema gari la milango minne haliwezi kuwa la mbio, kama ambavyo ng'ombe hawezi kuwa tai hata umrushe. Mwingine akasema linaweza, ila ni gari la mtu anayeona haya: mbele anataka kuwa kijana, nyuma anataka kuwa babu. Toktar akasema farasi wa mbio ana mgongo mmoja kwa mpandaji mmoja, na hili ni ngamia aliyefundishwa kukimbia.

"Lakini kwa nini?" akauliza Toktar mwishowe. "Niambie kitu kimoja. Una gari zuri, unaliuza, unanunua kochi. Kwa nini?"

Orazbek alikuwa na jibu. Jibu hilo lilikuwa nyumbani, lina umri wa miaka themanini na minne, linakunywa chai ya maziwa na kulalamikia magoti. Alifungua kinywa alitaje. Akamwona Muhit anatabasamu, anasubiri.

"Farasi mia tano, Aga," akasema. "Nani asiyetaka farasi mia tano?"

Akawakaribisha. Gari jipya kwetu huoshwa, tena si kwa maji: huoshwa kwa nyama na chai, na mzee huinua viganja akaliombea. "Jumapili ya wiki ijayo," akasema Orazbek. "Kondoo yupo. Kamshat ameshaanza kukusanya vyombo. Aga Toktar, kichwa cha kondoo ni chako, na dua ni yako."

Toktar akapiga funda la chai. "Dua nitaombea nini? Sijui ni farasi au samani. Jumamosi njoo hapa saa ya alasiri, ukimbie na Yerken mpaka kwenye daraja. Ukimshinda, Jumapili tuko kwako wote, na kichwa nitakila mpaka ubongo. Ukishindwa, liuze, rudi na kitu chenye milango ya adabu. Sisi hatuoshi teksi."

* * *

Nyumbani Kamshat alikuwa amepanga sahani mezani kuzihesabu, zake na za kuazima kwa majirani. Alipomwona mumewe alifunika mdomo kwa kiganja kabla ya kutabasamu. Ilikuwa tabia ya miaka miwili sasa. Meno ya mbele yalikuwa yameondoka moja baada ya jingine, na alikuwa ameweka tenge zake benki taratibu ili apandikiziwe mengine. Pesa hizo sasa zilikuwa nje uani, zimegeuka taa mbili za mbele na labda kioo kimoja.

"Wamesemaje?"

"Wamelipenda."

"Muhit kalipenda?"

"Muhit zaidi."

"Basi ni baya," akasema Kamshat. "Watakuja lakini?"

"Watakuja. Kuna kajambo kadogo Jumamosi, halafu watakuja."

Alimweleza. Kamshat alisikiliza huku akikuna doa kwenye sahani ya jirani, doa ambalo lilikuwa ua lililochorwa.

"Jumamosi ulimwahidi Apa kumpeleka kwao."

"Barabara ni hiyo hiyo. Tunaondoka alfajiri, tunafika kwao, anaona, tunarudi. Alasiri tunapita Shelek. Ni kilomita chache tu."

"Na yeye akiwa ndani?"

"Atakuwa amelala."

"Orazbek," akasema Kamshat, "umewaambia gari hili ni la nani?"

Orazbek alikwenda uani kumtazama kondoo, ambaye hakuwa na maoni.

Ukweli ni kwamba gari lile lilinunuliwa kwa ajili ya Apa Rabiga, mama yake. Orazbek alikuwa mdogo kuliko ndugu zake wote, na kwetu kitinda mimba ndiye hubaki na wazazi. Majira ya kuchipua walijaribu kumpakia mama kwenye Chungwa apelekwe zahanati. Aliingia nusu, akakwama, mguu mmoja ndani, mmoja barabarani, na kiti kilikuwa chini mno hata nguvu za kumvuta zilikosa pa kushikia. Majirani walitoka. Mmoja alileta mafuta ya kupikia. Apa Rabiga, kilemba chake cheupe kikiwa kimelala sikioni, alisema, "Mimi nilizaliwa kwa shida ndogo kuliko hii." Mtaa mzima ulicheka, na yeye akacheka, lakini usiku ule Orazbek alimsikia akimwambia Kamshat kwamba basi, hatatoka tena, na kule kwao Karabastau atapaona akhera.

Sasa alikuwa amekaa dirishani chumbani kwake, anatazama gari.

"Mwanangu, lile ndilo?"

"Ndilo, Apa. Kiti kiko juu. Unaingia kama malkia."

"Mbona lina uso wa mtu aliyekasirishwa?"

"Ni la mbio, Apa."

"La mbio." Akafikiri. "Basi tutafika mapema. Rafiki yangu Zliha hupenda kulala mchana." Akavuta mfuko wa kitambaa kutoka chini ya kitanda. Ulijaa kurut, madonge ya maziwa makavu yenye chumvi aliyoyafinyanga kwa mikono yake na kuyaanika darini. "Siwezi kwenda mikono mitupu. Mkaza mwanangu, nipe mfuko mwingine, huu hautatosha kijiji kizima."

Kamshat akaleta mfuko wa pili. Kisha akawasha majani makavu ya kufukuza kijicho na kulifukiza gari, boneti, viti na buti, huku Orazbek akipiga chafya na kulia kwamba ngozi ya viti itanuka.

"Inuke," akasema Kamshat. "Meno yangu yamo humo, nayo yana haki ya kunuka kidogo."

* * *

Kuhusu mwendo wa asubuhi ile ya Jumamosi, watu wa barabara ya Korgas wamesema mengi. Wapo wanaoapa kwamba gari lilipita kituo cha mafuta kabla ya kivuli chake, na kivuli kikasimama kuuliza njia. Mimi nasema tu kwamba lilikwenda, na kwamba ndani yake chai haikutikisika kikombeni. Apa Rabiga alikataa kukaa mbele. Alikaa nyuma, katikati kabisa, kama nyumbani mkubwa akaavyo mahali pa heshima panapokabili mlango, mifuko miwili ya kurut ikiwa kushoto na kulia kwake kama wajukuu.

"Wajukuu wanapiga simu?" akauliza.

"Wanapiga, Apa. Juzi wamepiga. Huko Gdansk waliko kuna mvua."

"Nilidhani ni simu yangu imeharibika."

Waliacha barabara kuu, wakapanda korongo la Kokpek, wakatokea kwenye uwanda wa Kegen, milima yenye theluji imekaa pembeni kama wazee waliosusa. Hapo lami ilianza kuchoka. Springi ngumu za mbio zilihesabu kila shimo na kulisoma kwa sauti. Apa hakulalamika. Alikuwa ameweka paji la uso kwenye kioo cheusi, anataja vitu: pale palikuwa na kinu, pale mjomba alianguka na farasi, pale niliposwa.

Karabastau palikuwa na moshi mmoja tu.

Orazbek alizima injini. Nyumba zilikuwepo, nyingi zikiwa bila milango. Mchungaji mmoja alikuja kwa pikipiki kutoka upande wa mtoni, akaona vioo vyeusi, akavua kofia kabla hajafika.

"Mheshimiwa, ni habari ya maji?" akasema. "Tulishaandika mara nyingi. Karibuni, karibuni. Pampu ni ile, imekufa."

"Mimi si mheshimiwa," akasema Orazbek akifungua mlango wa nyuma. "Nimemleta mama. Kwao ni hapa."

Mchungaji akarudisha kofia kichwani. Alikuwa na haya ya mtu aliyeinama bure. "Salama, Apa. Wewe ni wa nani?"

"Wa Baitas mhunzi. Niitie Zliha."

"Zliha alichukuliwa na mwanawe, akahamia mjini Astana. Mwaka wa nne huu. Au wa tano."

"Akpan je? Yule kipofu?"

"Amefariki, Apa."

"Na wale wa kando ya mto, wenye mabinti wengi?"

"Mabinti waliolewa. Wazee..." Akaonyesha kwa kidevu kule kilimani, kwenye makaburi.

Apa Rabiga aliuliza majina mengine. Aliyataja polepole, akisubiri jibu la kila moja. Majibu yalikuwa mawili tu, Astana au kilimani, mpaka mchungaji akawa anajibu kwa kichwa. Kisha Apa akatembea, mwanawe amemshika kiwiko, hadi nyumba ya babake. Ndani walikuwa kondoo. Mmoja alikuwa amesimama kwenye kona ambayo zamani ilikuwa ya kitanda chake, akamtazama kama mwenye nyumba.

"Nimewaweka wakati wa baridi tu, Apa," akasema mchungaji haraka. "Paa lilikuwa zima. Nikaona..."

"Wanapata joto?"

"Wanapata."

"Basi haikujengwa bure."

Akatoa mfuko wa kurut kwenye mikono ya Orazbek, akamnyooshea mchungaji. Yule mtu akaupokea, akauchungulia, akaona aibu tena.

"Apa, usinione vibaya. Mimi mwenyewe nauza kurut. Nina magunia. Utawapa nani wengine?"

Akachukua donge moja, kwa heshima, akalibugia palepale. Mfuko akaurudisha.

* * *

Kurudi, Apa Rabiga hakutaja kitu chochote barabarani. Orazbek alimtazama kwenye kioo. Alikuwa amefumba macho.

Walipokaribia Shelek jua lilikuwa limeanza kuegemea. Magari ya milango miwili yalikuwa yamepangwa kando ya barabara, boneti zimefunguliwa kama watoto wanaoonyesha ndimi. Muhit alikuwa katikati ya lami na kitambaa chekundu, anajifanya trafiki. Moyo wa Orazbek uliruka. Hawa ndio watu waliomjua. Alipostaafu kiwandani hakuna aliyempigia simu isipokuwa hawa. Alipolazwa kwa figo, hawa ndio walioleta supu, na Yerken alilala kwenye kiti cha hospitali mpaka shingo ikapinda. Akafikiria meza ya kesho, sahani za majirani, kondoo. Akasogea taratibu mpaka kando ya gari jekundu la Yerken, akateremsha kioo chake cha mbele kiasi cha kiganja.

"Umekuja," akasema Yerken. Aliinama kutazama, lakini vioo vya nyuma vilikuwa vyeusi. "Uzito usije ukawa kisingizio. Uko peke yako?"

Ilikuwa nafasi ya kusema. Neno lenyewe lilikuwa fupi.

"Peke yangu," akasema Orazbek, akapandisha kioo.

Kitambaa kikashuka.

Nimesema watu husimulia mengi, lakini hili hata wasiompenda Orazbek wanakiri: gari lile halikuondoka, bali dunia ndiyo iliyorudishwa nyuma. Yerken, ambaye hajawahi kuona mkia wa mtu pale, aliona taa nyekundu mbili zikimwacha, zikawa ndogo, zikawa kama macho ya sungura. Daraja lilionekana. Orazbek alikuwa amekaza meno, anatabasamu, ana miaka ishirini. Tayari alimwona Toktar akikunja mikono ya shati na kuomba kisu.

"Mwanangu."

Sauti haikuwa ya usingizi. Ilikuwa ya mtu aliyekuwa macho tangu mwanzo.

"Naam, Apa! Kidogo tu, Apa, tumefika!"

"Gari hili lina haraka ya nini?" akauliza Apa Rabiga. "Hakuna aliyebaki wa kumuwahi."

Aliuliza hivyo tu, kama anavyouliza mtu kama chai imechemka. Orazbek akamtazama kwenye kioo. Alikuwa amekaa pale katikati, mdogo, kilemba cheupe, mkono mmoja juu ya kila mfuko ili isianguke.

Mguu ulitoka kwenye mafuta wenyewe. Hivyo ndivyo alivyomwambia Kamshat baadaye: wenyewe.

Gari jekundu likapita likilia kama mbwa aliyeachiwa mnyororo. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wote waliokuwa wakifuata kutazama wakapita, wakipiga honi, Muhit akiwa ametoa nusu ya mwili dirishani anapepea kitambaa. Wa mwisho alikuwa Toktar. Hakupiga honi. Wala hakugeuza kichwa.

Toka hapo mpaka Almati Orazbek aliendesha mwendo wa farasi mmoja. Lori la vitunguu likampita. Trekta likampita, na dereva wake akainua kofia, akidhani ni msafara wa mazishi.

* * *

Kondoo alichinjwa vilevile. Kamshat alisema mtu hawezi kumrudisha kondoo zizini na kumwambia mipango imebadilika. Orazbek alibabua kichwa kwa moto wa gesi uani mwenyewe, akakikwangua, akakiosha, akakichemsha mpaka nyama ikalegea. Mezani paliwekwa nyama juu ya unga uliokandwa na kuchemshwa, utumbo uliojazwa nyama ya farasi, maandazi mlima mzima. Vikombe viligeuzwa kifudifudi kungoja wageni. Adhuhuri ikafika. Adhuhuri ikapita. Jirani alikuja, Kamshat akaruka, kumbe anauliza sahani zake atazipata lini.

"Wanaweza kuwa wamepata foleni," akasema Kamshat.

"Jumapili?"

"Basi wamepata tairi bovu."

"Wote?"

Alasiri Apa Rabiga alitoka chumbani, amevaa kilemba kilekile cha safari. Akatazama meza ya watu ishirini, akamtazama mwanawe, akamtazama mkaza mwanawe.

"Nina njaa," akasema.

Wakaketi watatu mwisho mmoja wa meza, kama watu waliopanda basi tupu na kukaa pamoja kwa woga. Kichwa cha kondoo kilikuwa mbele ya kiti cha Toktar, pua imeelekea mlangoni. Orazbek alikitazama kwa muda. Kichwa kwetu hupewa mgeni mkubwa, mwanamume. Hakipelekwi kwa mama wa nyumba, na hakuna aliyewahi kumfundisha vingine. Akainuka, akalishika sinia kwa mikono miwili, akaliweka mbele ya mama yake, akampa kisu.

Kamshat aliacha kumimina chai.

Apa Rabiga hakushangaa, au alificha. Alikigeuza kichwa, akakijaribu kwa kidole kama kimeiva. Kisha akakata sikio la kulia, safi, kwenye shina.

"Sikio ni la mtoto," akasema, "ili asikie wakubwa."

"Watoto wako Gdansk, Apa," akasema Kamshat.

"Mdogo kuliko wote mezani ni nani?"

Wakahesabu, ingawa hakukuwa na cha kuhesabu. Kamshat alimzidi mumewe mwaka mmoja, jambo ambalo kwa miaka thelathini na mitano halikutamkwa nyumbani humo. Sasa alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, mdomo wazi, mapengo yote nje, bila kiganja, maana hapakuwa na mgeni wa kumfichia.

Apa Rabiga alikuwa amenyoosha mkono, sikio limening'inia kwenye vidole. "Chukua. Jana nilisikia ukisema uko peke yako. Nikadhani nimekufa, nikajifinya."

Orazbek, mwenye miaka sitini na mmoja, mwenye farasi mia tano uani, alipokea sikio la kondoo kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa sote utotoni, akalitia kinywani. Lilikuwa gumu. Alilitafuna muda mrefu, ameinamisha uso.

Ndipo waliposikia mngurumo nje.

Wote watatu waligeuza vichwa. Ulikuja polepole mtaani, ukapunguza, ukasimama mbele ya lango, ukabaki pale unatetemeka.

"Yerken," akasema Orazbek. Angemtambua hata kaburini.

"Nenda kamkaribishe!" Kamshat tayari alikuwa anageuza kikombe.

Yerken hakuwa ameshuka. Alikuwa ndani ya gari jekundu, mikono yote miwili kwenye usukani, kama mtu aliyeagizwa kitu akakisahau.

"Ulikuwa umenishinda," akasema. "Sikulala. Ulikuwa umenishinda, ukaachia. Kwa nini?"

"Mama yangu alikuwa nyuma."

"Ulisema uko peke yako."

"Nilisema."

Yerken alitazama juu ya lango, kwenye kipande cha paa la rangi ya majivu kilichoonekana. "Na gari lenyewe..."

"Ni lake. Magoti yake hayaingii kwenye Chungwa. Nililinunua kwa ajili yake, na sikusema."

Injini ililia kidogo, ikatulia. Yerken akashika kitasa cha mlango, akakiachia. Huyu ndiye aliyelala kwenye kiti cha hospitali. Na Orazbek aliona wazi kwamba kukaa vile kulikuwa rahisi kuliko kushuka sasa.

"Wako kwa Toktar wote," akasema Yerken. "Nimewaambia naenda kutia mafuta."

"Nyama ni nyingi."

"Najua. Nimeisikia harufu toka kona." Akavuta gia. "Nisalimie Apa."

"Subiri."

Orazbek alikimbia ndani, akarudi na mfuko mmoja wa kurut, akaupitisha dirishani. Yerken akauweka kwenye kiti cha pili, kile ambacho heri asikae mtu. Akauvuta mkanda, akaufunga usidondoke. Kisha akaondoka.

Orazbek alisimama akisikiliza mpaka mngurumo ukapinda kona ya pili, ya tatu, ukawa sawa na kelele nyingine za mji. Akafunga lango. Alipoingia, kikombe cha Yerken kilikuwa kimejazwa chai, kinafuka mvuke.

"Alikuwa nani?" akauliza Apa Rabiga.

"Yerken, Apa. Anakusalimu."

"Haingii?"

"Ana haraka."

Apa akatia donge la kurut kwenye chai yake, akalikoroga, akalisubiri lilainike.

"Ya nini?" akasema.